Pambizo za Kitabu cha Tatu

Jumatatu, 8 Machi 2021

Mvua tangu alfajiri. Umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa nane. Kahindo alikagua diski. Safi.

Nimestaafu ualimu baada ya miaka thelathini na minane, na mtu aliyezoea kuandika ripoti haachi kwa siku moja. Parokia yetu hapa Goma imenipa chumba cha nyuma, chenye ukuta wa mawe ya volkano, nisimamie vitabu vya ubatizo vya vijiji vya barabara ya Rutshuru. Vitabu vyenyewe havipo tena. Viliteketea katika vita, miaka minane iliyopita, na aliyewasha moto hajulikani. Zimebaki picha zilizopigwa kabla ya hapo, ukurasa kwa ukurasa. Zote zimo ndani ya faili moja kubwa ambalo Kahindo analiita taswira ya diski: diski nzima iliyofungwa ndani ya faili, kama kabati ndani ya kabati. Tunayo moja tu. Diski ya kuwekea ya pili hatuna.

Kahindo ni fundi wa kompyuta, binti Munande wa Butembo, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa. Anachelewa. Anakula mahindi ya kuchoma juu ya meza ya kazi.

Jumatano, 10 Machi

Umeme ulikatika mara mbili. Kukagua mara mbili. Safi.

Alhamisi, 11 Machi

Betri ya akiba, ile wanayoiita onduleur, imekufa kabisa. Sasa umeme ukikatika, mashine inazimika palepale, kama mtu aliyepigwa rungu. Kahindo ameweka sheria: "Papa Mwalimu, kusoma tu. Mvua ikikuja, ama mimi siko, hakuna mutu kuandika kitu ndani ya disk. Ukiandika na courant ikaenda, haujue tena ni nini iliandikwa na nini haikuandikwa."

Amenieleza kwamba mfumo wa mafaili nao una daftari lake. Kabla ya kufanya kazi, huandika ndani yake kazi hiyo ni ipi. Ukizimwa ghafla, husoma daftari ili ujue ulikomea wapi. Nimeona ni utaratibu mzuri. Nilishangaa kuusikia kutoka kinywani mwake.

Jumatano, 17 Machi

Amekuja mjane kutoka Kibumba, jina lake Mukamazimpaka. Mumewe Nzabonimpa alifariki mwaka jana. Shemeji yake Habarurema anasema hapakuwa na ndoa, kwamba alikuwa mwanamke wa kupita tu, na kwamba shamba ni la ukoo. Chefu wa huko atasikiliza kesi Jumatatu tarehe 28 Juni na anataka karatasi. Kitabu cha ndoa kiliungua bila kupigwa picha. Lakini Mkristo anapofunga ndoa, padri huiandika pia katika pambizo ya kitabu cha ubatizo, kando ya jina lake. Mjane alilijua hilo. Aliambiwa na katekista kabla hajafa.

Nilimwuliza alibatizwa mwaka gani.

"Sijue, muzee. Mama yangu alisemaka ni mwaka ya mvua ya mawe, ile iliua kuku."

"Mwaka wa mvua ya mawe si mwaka, mama."

"Kwa kuku zetu ilikuwa mwaka."

Kahindo alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilimwandika mjane katika orodha. Ni wa sitini na tatu. Kila mtu ana zamu yake.

Jumatano, 24 Machi

Mjane amerudi. Nilimwambia zamu yake haijafika. Alikaa kizingitini mpaka saa tisa, kisha akaenda.

Jumatano, 7 Aprili

Mvua. Umeme hapana. Mjane alikuja na kabichi mbili. Nilizikataa. Kahindo alizichukua nje, nyuma ya mgongo wangu.

Jumatatu, 19 Aprili

Tumebishana. Aliyepiga picha alikuwa mzembe: upande wa kulia wa kila ukurasa kuna ukungu, meza, na kidole gumba chake mwenyewe. Hatuwezi kumpa mtu hati yenye kidole gumba cha mtu mwingine. Nimekagua kurasa ishirini za mwanzo za kitabu cha tatu, na padri aliandika maelezo yake yote katika pambizo ya kushoto. Kwa hiyo nimeweka kipimo kimoja: upande wa kulia ukatwe, kurasa zote, sawasawa.

"Papa, acha picha zibaki vile ziko," Kahindo alisema. "Hata kidole ikionekana, si ni kidole tu?"

"Kazi isiyo na kipimo si kazi."

"Na ile ya mbichi tutaiweka wapi? Nafasi haiko."

"Iliyosafishwa itakaa mahali pa iliyo chafu."

Alirudi kwenye mahindi yake. Nilidhani amekubali.

Jumatano, 28 Aprili

Nimekata hadi ukurasa wa 60. Mjane amekuja. Tuko zamu ya arobaini na nne.

Jumatano, 12 Mei

Umeme siku nzima! Ukurasa wa 89. Kahindo yuko Butembo, amezika shangazi. Mjane amekuja. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Niliona, nikarudi kwenye kurasa zangu.

Jumapili, 23 Mei

Mlima umepasuka jana jioni. Naandika asubuhi, nimekaa juu ya ndoo katika ua wa parokia, kwa sababu ardhi inatikisika na hakuna anayetaka kukaa ndani.

Nitaandika kwa utaratibu. Jana Jumamosi nilikuwa peke yangu ofisini. Umeme ulikuwapo, mvua haikuwapo. Nilisawazisha kurasa za 90 hadi 130 za kitabu cha tatu, kurasa arobaini na moja. Karibu saa moja jioni niliiamuru mashine ihifadhi zilizokatwa na kufuta za zamani. Ilipokuwa ikifanya hivyo, dirisha likawa jekundu. Niliwasikia watu barabarani kabla sijaelewa. Kisha umeme ukakatika, mji mzima, na mashine ikazimika katikati ya kazi.

Niliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Halafu nikatoka nikamfuata mke wangu nyumbani.

Lava imesimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Wako waliopoteza nyumba, wako waliopoteza watu. Mimi nimepoteza nini, sijui bado.

Jumanne, 25 Mei

Matetemeko. Nimehesabu kumi na tisa kabla ya chakula cha mchana, kisha nikaacha kuhesabu. Nyufa katika ukuta wa ofisi, upana wa kidole.

Ijumaa, 28 Mei, Sake

Jana asubuhi serikali ilitangaza kwamba watu waondoke mjini. Barabara ya Sake ilijaa kuanzia ukingo huu hadi ule: magodoro, mbuzi, wazee juu ya pikipiki. Kahindo alikuwa amefungua mashine kwa bisibisi akatoa diski, akaifunga ndani ya taulo, akaibeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Njiani mama mmoja alimwambia, "Mutoto wako hata halii!" Akajibu, "Huyu alizimia siku ile ya volkano, mama. Tunaenda kumuangalia."

Watu walicheka. Katika barabara ile, watu walicheka.

Tulitembea kwa muda wa saa saba. Alinipa maji yake. Sikuwahi kumwuliza kama yeye amekunywa.

Jumatano, 2 Juni, Sake

Tunalala darasani, watu arobaini. Mvua. Mke wangu ana homa.

Jumatano, 9 Juni

Tumerudi Goma. Homa imeisha. Maji hakuna, umeme saa mbili kwa siku.

Kahindo ameirudisha diski katika mashine. Akaniuliza, "Papa, siku ile ya volkano, machine ilikuwa inafanya nini?"

Nilijibu kwamba nilikuwa nikisoma tu.

Nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na minane tofauti kati ya kusoma na kuandika.

Ijumaa, 11 Juni

Diski ya pili imefika bandari ya Kituku kwa boti. Ametuazima Julien, kaka yake Kahindo aliye Bukavu. Sasa tuna mahali pa kufanyia kazi. Nilimwambia Kahindo aikarabati ile taswira mara moja. Alikataa bila hasira.

"Kwanza kopi, papa. Ile yenye kuumia haiguswe. Tunaangalia kopi bila kugusa, tunaandika magonjwa yake yote juu ya karatasi, kisha tunatibu kopi. Tukiiua, ya kwanza inabaki."

Kunakili kulianza saa tatu. Umeme ulikatika saa tano. Alianza upya kwa groupe, ile jenereta ya parokia, na hakula mchana. Nilimnunulia mahindi.

Jumatatu, 14 Juni

Mashine ilimwuliza maswali kwa muda wa saa nzima, naye alijibu moja baada ya jingine. Mwishoni ikaandika kwamba mfumo ni safi, hakuna kosa hata moja. Louise, katibu wa parokia, alipiga vigelegele. Chai ilinywewa.

Mchana nilimtafuta mjane. Niliacha orodha. Nilipitia kitabu cha tatu jina kwa jina na nikamkuta ukurasa wa 118. Jina, wazazi, msimamizi, vyote viko. Pambizo ya kushoto ni tupu. Upande wa kulia, pale picha inapoishia, kuna mikia ya herufi, nusu milimita ya wino.

Nilirudi nyuma. Hadi ukurasa wa 89 padri aliandika kushoto. Kuanzia wa 90 kuna mwandiko wa padri mwingine, na yeye aliandika kulia. Nilikuwa nimekagua kurasa ishirini. Nilikata mia moja na thelathini.

Jumanne, 15 Juni

Mashine inasema safi. Niliiuliza mara tatu. Inasema kweli: kila faili liko mahali pake, kila hesabu inalingana. Haiulizwi kama ndani ya faili kuna ndoa ya mtu.

Jumatano, 16 Juni

Mjane alikuja. Nilimwambia bado.

Alhamisi, 17 Juni

Julien anataka diski yake. Kahindo amesema kesho atafuta taswira iliyoumia na kuweka iliyotibiwa mahali pake. Nilisema, "Sawa."

Ijumaa, 18 Juni

Sikulala vizuri. Nilifika ofisini kabla ya walinzi kufungua lango. Kahindo alifika saa mbili na robo, akaketi, akaweka kidole juu ya kibodi.

"Kahindo, usifute."

"Juu ya nini, papa? Iko safi. Wewe mwenyewe ulinywa chai."

"Siku ile ya volkano sikuwa nasoma. Nilikuwa naandika."

Aliondoa kidole. "Ulikuwa unaandika nini?"

"Nilikuwa nakata pambizo. Mashine ilikuwa ikihifadhi mpya na kufuta za zamani umeme ulipokatika."

"Kurasa ngapi?"

"Arobaini na moja."

Alifungua mtoto wa meza, akatoa ile karatasi ya magonjwa aliyoiandika kwa mkono siku ya Jumamosi. Aliipitia kwa kalamu, midomo ikitembea. Kisha akaniwekea mbele yangu. Katikati ya karatasi ameandika: *yatima 41*.

Yatima, alinieleza, ni faili lililokwisha kunyang'anywa jina kwa sababu limeamriwa kufutwa, lakini ambalo mwili wake bado uko kwenye diski kwa kuwa kazi haikumalizika. Mara nyingi ni takataka za programu. Mashine inapokarabatiwa huuliza kama iwamalize.

"Na mimi nikaijibu: maliza," alisema. "Mara arobaini na moja, papa! Nilikuuliza kwanza, ukasema ulikuwa unasoma. Kama ungesema, ningejua ni watu, si takataka."

Nilisoma tena ile namba kwenye karatasi.

"Ningekuwa mwanafunzi wako, ungenipa nini?"

"Sufuri, na kupiga magoti."

"Basi piga magoti, papa, uangalie chini ya meza kama waya ya disk imeshika vizuri. Kwenye ile yenye kuumia bado wako. Sikuigusa."

Nilipiga magoti. Waya ulikuwa umelegea. Niliusukuma mpaka ukashika, na sikuinuka haraka, kwa sababu sikutaka anione uso.

Jumamosi, 19 Juni

Kahindo amefanya kazi tangu asubuhi hadi groupe ilipokwisha mafuta. Anawatoa yatima mmoja mmoja. Hawana majina, wana namba tu. Mimi nasoma picha na kumwambia ni ukurasa gani. Anasema, "Huyu?" Nasema, "Mia moja na tatu." Anasema, "Karibu nyumbani, mia moja na tatu." Mara ya kwanza niliona ni utoto. Mara ya kumi nilikuwa nikingojea aseme.

Jumatatu, 21 Juni

Ishirini na tisa wamepatikana. Kumi na wawili hawafunguki: mahali walipokuwa wamelala, kitu kingine kimeandikwa juu yao.

Wa 118 umepatikana. Nusu ya juu ni nzima, pamoja na kidole gumba. Chini picha imekuwa kijivu. Katika pambizo ya kulia, kwa Kifaransa cha padri, imeandikwa kwamba ameolewa na Nzabonimpa tarehe 12 Agosti, mwaka elfu moja mia tisa na. Hapo kijivu kinaanza.

Jumanne, 22 Juni

Louise, mwenye muhuri, alitoa ushauri wake. "Papa Buhendwa, andika attestation, hati mpya, safi. Mama anakumbuka mwaka, si ndiyo? Weka mwaka. Nani atajua?"

Mjane alikuwa kizingitini. Alisema, "Ni themanini na saba, muzee. Yeye Nzabonimpa alikuwa na suti ya kuazima, mikono ilifika hapa," akaonyesha karibu na kiwiko.

Ninamsadiki. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na hati iliyokamilika ni kitu ninachokijua kukiandika kuliko mtu yeyote katika mji huu. Lakini nimekwisha kuisafisha karatasi ya mama huyu mara moja. Nilimwambia Louise tutachapa picha kama ilivyo, na kijivu chake. Kando yake nitaandika ni nini kilichotokea, na ni nani aliyefanya, na nitaweka sahihi.

Mjane aliuliza, "Na chefu akikataa?"

"Nitakuwapo, mama."

"Kuwapo si karatasi, muzee."

Ni kweli.

Jumatatu, 28 Juni

Nilipanda Kibumba kwa pikipiki ya kukodi, mwenyewe mbele, mimi nyuma ya Kahindo ambaye alishikilia kwamba lazima aje. Ukungu na baridi. Baraza la chefu ni chumba cha mbao, na watu walikuwa wengi kuliko viti.

Habarurema ni mtu mrefu, mwenye kofia nzuri. Alichukua hati yetu akaiinua juu kila mtu aione.

"Chefu, angalia! Hata panya inakula vizuri kuliko hii. Nusu ya karatasi, basi ni nusu ya ndoa!"

Watu walicheka. Mukamazimpaka alisimama, akafunga kitenge chake upya, bila haraka.

"Shemeji, ile ng'ombe ya ndoa, wewe ulikula nusu? Mi nilikuonaka na mufupa kwenye mukono mpaka jioni."

Walicheka zaidi, na wazee wawili wa nyuma waliitikia kwa kichwa kama wanaoukumbuka mfupa huo. Habarurema alisema kila mtu hula nyama, hata kwenye matanga. Chefu aliinua mkono.

"Nani aliharibu karatasi hii?"

Nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote, lakini daima nikiwa mimi ninayeuliza. Nilisema jina langu. Nilisema nilikata pambizo kwa sababu nilitaka kurasa zipendeze, kwamba nilivunja sheria ya ofisi, kwamba mlima ulipopasuka mashine ilikuwa ikifuta kwa amri yangu, na kwamba kwa siku tisa nilimdanganya binti huyu aliyekuwa akitafuta tatizo. Nilisema kilichobaki kwenye karatasi kiliandikwa na padri, na kilichokosekana kilikosekana kwa sababu yangu.

Habarurema alisema, "Mwalimu amezeeka."

Chefu hakumtazama. Aliishika karatasi karibu na dirisha kwa muda mrefu.

"Kwenye meza hii nimeona karatasi nyingi safi," alisema. "Mashamba matatu yalipotea hapa kwa karatasi safi. Hii ndiyo ya kwanza kuja pamoja na mwenye kosa."

Aliwaita wale wazee wawili mbele, mmoja mmoja, akawauliza kuhusu ng'ombe. Wakajibu. Akaamua: shamba ni la mjane, viazi ambavyo Habarurema amekwisha kupanda, avichimbe yeye, kisha asirudi tena na jembe.

Nje, Mukamazimpaka hakunishukuru. Alinitazama akasema, "Juma kumi na tano, muzee. Nilihesabu." Kisha akamshika Kahindo mkono wakaenda kutazama shamba. Nilibaki na mwenye pikipiki.

Jumanne, 29 Juni

Umeme ulikatika saa tatu. Kahindo alikagua. Safi. Nilimwomba anionyeshe na kile ambacho neno hilo halikisemi. Tulifungua kurasa kumi, moja moja, kwa macho.

Kumi na wawili wasiofunguka: kila ukurasa una watu wanane. Majina yao ninayo, maana yalibaki kwenye zilizokatwa. Watu tisini na sita ambao huenda walikuwa na ndoa pambizoni, na hawajui kwamba haipo. Nimewaandika wote katika daftari. Magoti yananiuma. Nitaanza na walio karibu.

Jumamosi, 3 Julai

Ukurasa wa 94, jina la kwanza: Nyiransabimana. Niliambiwa anaishi Kanyaruchinya, nyuma ya lava mpya. Nilitembea kwa muda wa saa mbili na nusu, nikiuliza nyumba kwa nyumba. Nilimkuta akianika maharagwe. Nilivua kofia, nikajieleza, nikamweleza kuhusu kitabu, pambizo na kosa langu, kisha nikamwuliza aliolewa na nani na tarehe gani.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja ukiwa ndani ya maharagwe.

"Papa," alisema, "pole kwa safari. Mi sikuolewaka."

Alinipa kiti na maji. Nilikunywa, nikatoa daftari, nikaandika kando ya jina lake: hakuna. Wamebaki tisini na watano.